Hati ya nyumba yetu inasema mtu mweusi asikae humu. Nimwambie nini mwanangu?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni baba wa watoto wawili, mzaliwa wa Tanga, sasa naishi Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani. Nilikuja kwa bahati nasibu ya grini kadi, nikamleta mke wangu, na watoto wote wamezaliwa huku. Mimi ni dereva wa basi. Mke wangu anafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, zamu za usiku. Kwa jasho hilo tukanunua nyumba upande wa kusini wa mji, mtaa mtulivu, miti mikubwa, shule nzuri. Siku tuliyokabidhiwa funguo, mama alipiga vigelegele kwenye simu kutoka Tanga mpaka sauti ikamkauka.

Tatizo limeanza na kijana wetu mkubwa, mwenye miaka 14. Jioni moja alitoka mazoezini, amejifunika kofia ya sweta kwa sababu ya baridi, akasimama mbele ya banda la gari akibonyeza namba za kufungulia mlango. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, akawa anakosea. Jirani wa ng'ambo ya barabara, mama wa Kizungu mtu mzima, akawapigia polisi simu kwamba kuna mtu anavunja nyumba. Polisi wawili wakaja. Wakamuuliza anaishi wapi, akajibu, "Hapa." Wakataka athibitishe. Mke wangu alikuwa amelala ajiandae na zamu. Alipoamshwa na kengele alimkuta mwanawe amesimama kwenye theluji, mikono juu. Hakupigwa wala hakutukanwa. Polisi waliomba radhi wakaondoka. Kesho yake jirani akaja na sahani ya biskuti, analia, anasema hakumtambua. Na Shangazi, nikwambie ukweli, yule mama ni mtu mwema. Tulipohamia ndiye aliyenifundisha kuwasha mashine ya kuondolea theluji.

Nikamwambia mwanangu yaishe. Nikaongeza kwamba haya mambo ya rangi ni ya Wamarekani Weusi na historia yao, wamezoea kulalamika. Sisi ni Watanzania, tumekuja kutafuta maisha, asome tu na apunguze kufuatana na wale rafiki zake. Akanijibu, "Baba, yule polisi hakuniuliza kama mimi ni Mtanzania." Tangu siku hiyo ananipa salamu tu.

Halafu likaja la pili. Shuleni walipewa kazi ya kutafuta historia ya nyumba zao kwenye ramani iliyotengenezwa chuo kikuu. Akaipata hati ya kiwanja chetu ya miaka ya 1920, imeandikwa kwamba kisiuzwe, kisipangishwe wala kukaliwa na mtu asiye Mzungu, isipokuwa mtumishi wa ndani anayemtumikia mwenye nyumba. Akaichapa, akaibandika kwenye jokofu. Mke wangu aliisoma asubuhi akitoka kazini, akakaa kitako na koti lake mwilini. Sasa anataka kijana apelekwe Tanga kwa bibi yake, akasome bweni, mahali ambapo hatahesabiwa rangi. Mimi naona ni karatasi iliyokufa. Ina karibu miaka mia, sheria zilishabadilika, na rais mweusi walishamchagua. Mbona tunaifufua?

Nisaidie. Kama sheria zilifutwa, kwa nini ubaguzi haufi? Jirani yangu ni mbaguzi au si mbaguzi? Na mwanangu nimwambie nini?

Baba wa Wawili, Minneapolis

*

Marahaba, baba. Pole wewe, pole mama watoto, na kijana mpe pole yangu kabla ya yote, maana nimeisoma barua yako nzima na sikuona mahali alipopewa pole. Polisi waliomba radhi. Jirani alileta biskuti. Wewe ukamwambia yaishe. Mtoto aliyeinua mikono mbele ya mlango wa kwao alistahili kwanza akae na baba yake aulizwe: uliogopa? Walikuambia nini? Bado unaota? Usiku huu huu, kabla ya kumaliza kunisoma ukitaka, nenda kamuulize. Hayo mengine yatasubiri.

Sasa nianze na karatasi ya kwenye jokofu, kwa sababu majibu ya maswali yako yote matatu yamo humo.

Hati ya namna hiyo inayojulikana kuwa ya kwanza mjini kwenu iliandikwa mwaka 1910. Iliwataja Wachina, Wajapani, Wamoor (Waislamu wa Afrika Kaskazini), Waturuki, Weusi, Wamongolia na watu wa damu au kizazi cha Kiafrika. Tazama hapo mwisho. Hawakuandika watu wa Alabama au wa Mississippi. Waliandika kizazi cha Kiafrika, na mtu wa Tanga yumo. Kuanzia hapo madalali na wajenzi wakawa wanaingiza sharti hilo kwenye viwanja kimoja baada ya kingine, na ule mradi wa Chuo Kikuu cha Minnesota uliotengeneza ramani ya kijana umeshahesabu hati kama hizo zaidi ya 8,000 ndani ya Minneapolis peke yake. Si karatasi ya mtu mmoja mwenye roho mbaya. Ilikuwa biashara. Mwenye kuuza alikuwa anamhakikishia mnunuzi kwamba jirani zake watakuwa Wazungu, na uhakika huo ukawa na bei yake.

Kisha serikali ikaingia na fedha. Katika miaka ya 1930 wakala mmoja wa serikali kuu ulichora ramani za miji, mitaa ya Weusi ikapakwa rangi nyekundu kuonyesha kwamba kukopesha huko ni hatari. Shirika la kudhamini mikopo ya nyumba, lililoanzishwa mwaka 1934, liliwashauri watu wake kwa maandishi kwamba masharti ya rangi kwenye hati ni jambo jema. Baada ya vita vya Hitler askari waliorudi waliahidiwa mikopo nafuu. Katika miji 13 ya jimbo la Mississippi mwaka 1947, kati ya mikopo 3,229 iliyodhaminiwa kwa askari wastaafu kwa ajili ya nyumba, biashara na mashamba, ya askari Weusi ilikuwa 2. Sio 200. Miwili. Na hao walikuwa wamevaa sare ileile na kwenda vitani kwa bendera ileile.

Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema mwaka 1948 kwamba mahakama zisitumike tena kulazimisha masharti hayo. Jimbo lenu likakataza mapya mwaka 1953. Sheria ya nchi nzima ya haki ya makazi ikaja mwaka 1968. Kwa hiyo ni kweli, sheria ilibadilika. Lakini fikiria familia mbili. Moja ilinunua nyumba kusini mwa Minneapolis mwaka 1946, ikamaliza deni, thamani ikapanda, ikaweka nyumba rehani mtoto asome chuo, mtoto akasaidiwa malipo ya kwanza ya nyumba yake, na mjukuu naye hivyo hivyo. Ya pili ilipanga chumba miaka yote hiyo, ikilipa kodi kwa mwenye nyumba, na mzee alipofariki aliacha nguo na picha. Mwaka 1968 serikali ilipotangaza kwamba kila mtu anunue anapotaka, nani alikuwa na cha kununulia? Benki Kuu ya Marekani ilipopima mwaka 2022, kaya ya Wazungu iliyo katikati kabisa (nusu wana zaidi yake, nusu pungufu) ilikuwa na mali ya takribani dola 285,000, na ya Weusi takribani dola 44,900. Pengo hilo linaendelea kurithiwa leo na watu ambao wengi wao hawajawahi kumchukia mtu. Hiyo ndiyo sababu haufi, baba. Ungekuwa chuki peke yake ungezikwa pamoja na waliochukia. Uliwekwa kwenye ardhi, kwenye benki, kwenye mipaka ya shule, na mali hairudi yenyewe kwa mwenyewe eti kwa sababu sheria imefutwa. Rais mweusi alikaa madarakani miaka 8, na hakuna rais ambaye angeweza kurudisha nyumba ambazo babu za watu walikatazwa kununua.

Hata ile miti uliyoisifu imo. Watafiti walilinganisha miji na maeneo ya miji 108 ya Marekani mwaka 2020 wakakuta kwamba katika asilimia 94, mitaa iliyopakwa rangi nyekundu miaka ile ndiyo yenye joto zaidi leo. Miti haikupandwa huko, lami na maghala yakajazwa. Mzee mwenye pumu anayeishi mtaa huo msimu wa joto analipia ramani iliyochorwa kabla hajazaliwa.

Na asili yake pia ilikuwa mali. Wenye mashamba wa Virginia, walipoona watoto wanaozaliwa na mama Waafrika na baba Waingereza wanaweza kudai uhuru, walitunga sheria mwaka 1662 kwamba mtoto hufuata hali ya mama yake. Mtumwa azae mtumwa, hata kama baba ndiye bwana. Wanazuoni wa kuja kupima mafuvu na kudai kwamba Mungu au maumbile ndiyo yaliyopanga hivyo walifuata baadaye sana, kupamba faida iliyokwisha kuliwa.

Jirani yako, basi. Alichotenda ni ubaguzi. Moyo wake Mungu anaujua, na machozi yake nayaamini kama ulivyoyaamini wewe. Lakini mtaa wenu ulilindwa kwa miaka mingi usiwe na mtu mweusi isipokuwa mtumishi, na macho yaliyokulia kwenye mtaa wa namna hiyo yakimwona kijana mweusi mlangoni yanamwona mgeni. Mtoto wa Kizungu mwenye kofia ya sweta angeonekana mtoto aliyesahau namba. Yeye hakuhitaji kuchukia ili akose kumtambua mtoto aliyekuwa akimwona kila siku akitoka shule. Ndiyo maana swali la kama ni mwema au mbaya halitakufikisha popote. Mwulize atafanya nini safari nyingine.

Nenda kwake na mkeo, kwa heshima, sahani yake mrudishie na kitu ndani kama ilivyo desturi yetu. Mwambie umepokea radhi. Halafu mwambie waziwazi ambacho simu ile ingeweza kuleta. Huko huko mjini kwenu mtu mweusi, George Floyd, aliuawa na polisi tarehe 25 Mei 2020, na yote yalianza na simu kuhusu noti ya dola 20 iliyodhaniwa bandia. Cleveland, jimbo la Ohio, mwaka 2014 mtoto mweusi wa miaka 12, Tamir Rice, alipigwa risasi na polisi akiwa na bastola ya kuchezea, na aliyepiga simu alikuwa amesema huenda ni ya bandia. Mwambie mama huyo hayo si kwa kumtisha. Anapaswa kujua alichokishika mkononi alipoinua simu. Mpe namba zenu. Mwombe akiona jambo la wasiwasi nyumbani kwenu apige kwenu kwanza, au avuke barabara agonge. Kama ni mwema kama usemavyo, atakubali, na ataweza kuwaeleza wazee wenzake wa mtaa huo kitu ambacho wewe ukikisema hawatakisikia.

Sasa hapa lazima niwe mkali kidogo, mwanangu. Maneno yako kuhusu Wamarekani Weusi yamenichoma. Nimeyasikia kwa Wakenya, kwa Wakongo, kwa Watanzania wenzetu, na mara nyingi yanasemwa sebuleni mbele ya watoto: usioe kwao, usicheze nao, wavivu, walalamishi. Hayo ni maneno ya mwenye mashamba wa Virginia, sisi tumeyapokea uwanja wa ndege pamoja na mizigo.

Wewe ni dereva, bila shaka unaijua barabara kuu namba 94 inayokwenda Saint Paul. Ulipita Rondo? Ulikuwa mtaa wa Weusi wenye makanisa, maduka, vinyozi, magazeti yao. Barabara ilipojengwa, kati ya miaka ya 1950 na 1960, ilipitishwa katikati yake, na takribani nyumba 700 zikabomolewa. Watu waliotolewa hapo wakatafute pengine, wakati sehemu nyingi za mji bado zilikuwa zimefungwa kwao. Meya na wakuu wa barabara wa jimbo waliomba radhi hadharani mwaka 2015. Wajukuu wa Rondo wapo, wengine hupanda basi lako.

Au mtazame Arthur Lee, mtu mweusi, mfanyakazi wa posta aliyepigana Vita Kuu ya Kwanza, aliyenunua nyumba na mkewe Edith upande huo huo wa kusini unaoishi wewe, mwaka 1931. Maelfu ya Wazungu waliizingira nyumba ile usiku baada ya usiku, wakirusha mawe, na ndani alikuwamo binti yao mdogo. Wakili wao alikuwa mwanamke mweusi, Lena Smith, na aliwaambia wasiuze kwa kutishwa. Walikaa mpaka 1933. Nyumba bado imesimama, imeorodheshwa kuwa ya kumbukumbu ya taifa. Mpeleke kijana akaione.

Na wewe mwenyewe uliingiaje Marekani? Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1924 ilimwachia Mwafrika upenyo mdogo sana. Iliyoivunja mipaka hiyo ilipitishwa mwaka 1965, na bunge lile lile lililotunga sheria ya kulinda kura za Weusi baada ya watu kupigwa virungu darajani mjini Selma, jimbo la Alabama, walipoandamana kudai haki ya kupiga kura. Ile ya makazi ya 1968, ambayo mmoja wa waandishi wake alikuwa Walter Mondale, seneta wa Minnesota kwenu, ilisainiwa wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa. Bila ya hao unaowaita walalamishi, usingepata kadi, na nyumba usingeuziwa. Rafiki za mwanao ni watoto wa watu waliokufungulia mlango. Waalike nyumbani. Mama apike pilau. Uwaulize babu zao walitoka wapi, wakaishi mtaa gani.

Kijana mwambie ukweli wote huu, kwa lugha anayoielewa, na umwambie pia kwamba ulimsemesha vibaya. Nina sababu ya kusisitiza. Mtoto anayeambiwa yaishe anabaki na maelezo mawili tu ya yaliyompata: ama ana kasoro yeye, ama kila Mzungu anamchukia. Yote mawili ni uongo, na yote mawili yatamharibu. Akijua jinsi mtaa wake ulivyojengwa, ataelewa kwa nini simu ile ilipigwa na ataacha kujikagua kwenye kioo. Mfundishe vilevile namna ya kukaa na polisi: mikono ionekane, asikimbie, asibishane pale pale, awapigie ninyi simu, na malalamiko yaandikwe kesho yake na wazazi kwa maandishi. Mwambie wazi kwamba unamfundisha hivyo kwa kuwa unamtaka arudi nyumbani hai, wala si kwa kuwa amekosa. Inauma kumwambia mtoto wa miaka 14 maneno hayo. Wazazi Weusi wa mji huo wanayasema kila mwaka. Waulize wenzako kazini waliwaambiaje wao.

Karatasi yenyewe inaweza kujibiwa. Tangu mwaka 2019 sheria ya Minnesota inamruhusu mwenye nyumba kusajili tamko la kulikana sharti hilo kwenye hati yake, na baadhi ya miji huko inawasaidia wakazi bila malipo. Lile la zamani halifutwi, linabaki kwenye kumbukumbu, na tamko lenu linawekwa juu yake. Nakubaliana na utaratibu huo, kwa sababu kulifuta kabisa kungewasaidia wale wanaosema halikuwapo. Mwende wote wanne. Saini iwe yako na ya mkeo, kwa majina yenu yote matatu kama mnavyoitwa Tanga. Mama anayeshinda usiku kucha akiwageuza wazee wa watu vitandani alisoma kwamba ruhusa yake ya kukaa humo ni ya mtumishi tu. Yeye ndiye asaini kwanza.

Nimalizie na la kumpeleka bweni. Mama watoto namwelewa. Amemwona mwanawe na mikono juu, na moyo wake umekimbilia kwao. Lakini ukimwondoa sasa, kijana ataona yeye ndiye aliyeadhibiwa, na mdogo wake atabaki kwenye mtaa ule ule akisubiri zamu yake. Tena Tanga haikukosa historia hii. Wajerumani na Waingereza waliupanga mji kwa rangi: Raskazone kwa Wazungu, viwanja vikubwa kando ya bahari, na Ngamiani kwa Waafrika, nyumba zimebanana. Shule nazo ziligawanywa kwa rangi, mpaka utaratibu huo ulipovunjwa mwaka 1962. Walioupanga mji wamekwenda zamani, sheria zao zimekufa, na anayeishi Raskazone leo ni mweusi mwenzetu mwenye uwezo. Mpangilio umebaki vile vile. Bibi yake anayakumbuka mengi ya wakati ule kuliko kitabu chochote.

Kwa hiyo apelekwe, ila kwa likizo, na uende naye wewe. Mtembee kwa miguu kutoka Ngamiani hadi Raskazone, umwache aulize, na usichokijua mkamuulize bibi mkirudi.

Shangazi